Ametengwa na nini? Ukengeushi, hiari na uhalifu Unguja na Pemba

Wizi ukizidi mtaani, barazani hupitishwa hukumu mbili. Ya kwanza husema wezi ni wageni: wametoka bara, wametoka shamba, wametoka kisiwa cha pili, ilimradi si wa hapa. Ya pili, inayopendwa zaidi na waliosoma, husema vijana wametengwa na jamii, ndiyo maana wanaiba. Zinaonekana kupingana, lakini zote mbili zinaamini kwamba mhalifu ni mtu aliyekatika na wenziwe. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, ila imetumika kwa mambo mengi mno hadi imebaki tupu. Ukiambiwa kijana ametengwa, uliza: na nini? Na kazi, na pesa, na sheria, na wazee wake, au na nafsi yake mwenyewe? Kila jibu lina nadharia yake, na kila nadharia ina dawa yake.

Hali hii wasomi wa Kiswahili wamezoea kuiita ukengeushi. Karl Marx aliichambua mwaka 1844 katika madaftari ambayo hayakuchapishwa hadi 1932. Alitaja mikato minne: mfanyakazi hutengwa na kile anachokizalisha, na tendo lenyewe la kuzalisha, na utu wake kama kiumbe mbunifu, na mwishowe na wanadamu wenzake. Mhudumu anayetandika kitanda katika hoteli ya Nungwi, ndani ya chumba ambacho bei yake ya usiku mmoja inaweza kuzidi mshahara wake wa mwezi, angemwelewa Marx bila mkalimani. Lakini Marx hakusema kwamba mikato hiyo humfanya mtu mwizi, na mhudumu huyo kwa kawaida haibi. Anayetaka kutoka kwenye hali ya kazi hadi kwenye kosa la jinai lazima aonyeshe njia iliyopitwa, na wengi wetu huirukia.

Aliyelivunja wazo hili vipande vinavyoshikika ni Melvin Seeman, mwanasosholojia wa Marekani, mwaka 1959. Alitenganisha maana tano. Kukosa nguvu ni kuamini kwamba ufanye usifanye, matokeo ni yale yale. Ndiyo hali ya aliyeomba ajira kila mahali akaona nafasi zinakwenda kwa kujuana. Kukosa maana ni kutojua uamini lipi. Kukosa kanuni ni kuamini kwamba unalolitaka halipatikani ila kwa njia isiyokubalika. Upweke, kwa maana yake Seeman, ni kuyaona hayana thamani yale ambayo wenzako wanayatukuza, hata kama umekaa katikati yao. Na kujitenga na nafsi ni kufanya jambo kwa ajili ya ujira tu, jambo lenyewe lisikupe chochote.

Sasa wachukue papasi wa Malindi na Forodhani, wale vijana wanaowapokea wageni wanaposhuka botini na kuwapeleka hotelini kwa kamisheni. Barazani wao ndio mfano wa kwanza wa waliotengwa. Wapime kwa Seeman. Upweke hawana kabisa: wanataka simu nzuri, nyumba, na harusi yenye watu, kama anavyotaka mtoto wa mkurugenzi. Nguvu wanazo kiasi, maana anayejua Kiingereza, Kitaliano na Kifaransa cha mtaani anaiona faida yake siku hiyo hiyo. Kinachoweza kuwa juu ni kukosa kanuni, yaani ile imani kwamba kila mwenye mali kapita uchochoroni. Kijana wa aina hiyo humponyi kwa mawaidha wala kwa kumnunulia mpira na jezi. Anachohitaji ni kuwaona wa rika lake wakipata leseni ya kutembeza wageni kwa njia ya wazi, bila kuzungushwa. Semina za vijana huwatibu wote kwa dawa moja, kisha watu wanashangaa hakuna kilichobadilika.

Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Kifaransa, aliliendea suala hili kwa upande mwingine. Katika utafiti wake wa kujiua wa mwaka 1897 aliona kwamba idadi ya wanaojiua hupanda uchumi unapoanguka, na hupanda pia uchumi unapofumuka ghafla. Ufukara peke yake hauwezi kueleza mambo yote mawili. Kinachoyaunganisha alikiita anomia: kipimo cha zamani cha nani anastahili nini kimevunjika, kipya hakijazoeleka, na matamanio yamekosa ukingo. Wanaosema "tuondoe umasikini na wizi utaondoka" wamsome tena Durkheim, maana kwa nadharia yake miaka ya kutazamiwa kwa hofu ni ile ya neema.

Visiwa vyetu vinatoa ulinganisho mzuri hapa. Pemba pesa ya karafuu nayo huja kwa mafuriko. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Ukizaa, vijiji vizima huchuma, huanika na kuuza katika muda mfupi, na nyumba iliyokuwa ikikopa sukari dukani inanunua pikipiki. Kwa hesabu ya Durkheim hapo pangekuwa na vurugu kubwa. Lakini mafuriko hayo yana kalenda iliyozoeleka kwa vizazi. Watu wanajua deni gani lilipwe kwanza, harusi gani ilikuwa ikingoja msimu, nani anadai nini. Pesa ni nyingi lakini ukingo upo. Pwani ya mashariki ya Unguja ni habari nyingine. Paje na Jambiani kilimo cha mwani kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanawake wengi wakawa na pesa yao wenyewe kwa mara ya kwanza; kabla vijiji havijaizoea hali hiyo, hoteli zikafika. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na mwaka uliofuata watalii walioingia walizidi 600,000. Kwa mabadiliko hayo hakuna mzee anayeweza kusema "sisi zamani tulifanya hivi", kwa sababu hakuna zamani yake. Ndiyo maana naona anomia inaeleza pwani vizuri kuliko inavyoeleza mashamba ya karafuu, ingawa pesa za ghafla zipo kote kuwili.

Robert Merton aliichukua anomia mwaka 1938 akaigeuza kuwa jambo la Marekani: jamii inamwambia kila mtu atajirike, kisha inawapa njia halali wachache tu. Watu hujibu kwa namna tano. Wapo wanaofuata lengo na njia. Wanaoshika lengo na kubuni njia nyingine. Wanaoshika njia na kulisahau lengo, kama karani anayepiga mihuri miaka thelathini. Wanaoacha vyote viwili. Na wanaotaka kubadilisha vyote.

Mbunifu wa Merton hapa kwetu ni dalali anayeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Linawezekana kwa sababu zinazoeleweka. Tangu baada ya Mapinduzi, ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali. Watu wanachouziana kwa kweli ni haki ya matumizi, jengo au miti. Mauziano mengi huandikwa kwenye karatasi mbele ya mashahidi, na karatasi ya pili inaweza kuandikwa mbele ya mashahidi wengine. Mnunuzi mwenye busara huuliza majirani wa pande zote nne, si muuzaji peke yake. Humwuliza sheha, kiongozi wa shehia, kama kiwanja kimeshawahi kupita mbele yake. Huangalia mikarafuu au minazi iliyomo ni ya nani, maana mwenye mti anaweza kuwa si mwenye kiwanja. Na huthibitisha Kamisheni ya Ardhi kabla ya kutoa shilingi. Anayedhulumiwa aghalabu ni yule aliyeona haya kuuliza kwa sababu muuzaji ni mtu wa heshima. Haya hiyo tutairudia.

Kwa aliyeacha lengo na njia, Merton alimtaja mlevi na mtumiaji wa dawa za kulevya. Hapo sikubaliani naye, na walioonyesha kosa lake ni Edward Preble na John Casey, walioandika mwaka 1969 juu ya watumiaji wa heroini wa New York. Waliona watu wenye ratiba ngumu kuliko ya mfanyakazi wa kiwanda. Mantiki yake iko kwenye mwili. Arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, huanza saa 8 hadi 12 hivi baada ya unga (heroini) wa mwisho, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na maumivu makali huchukua siku tano hadi kumi kwisha. Kwa hiyo teja ana miadi kadhaa kila siku, na kila miadi ina bei ya kete, kipimo kimoja cha unga. Hana nafasi ya kupanga uvunjaji mkubwa. Anachukua kinachobebeka na kuuzika saa hiyo hiyo: simu, nazi, sufuria lililoanikwa, waya wa shaba, mfuniko wa chuma. Huyu hajajitoa duniani. Amefungwa na saa. Anayetaka kupunguza wizi wake atazame mambo mawili, dawa inayoondoa arosto na mtu anayenunua shaba bila kuuliza imetoka wapi.

Sasa ile haya. Mwaka 1969 Travis Hirschi, mwanasosholojia wa Marekani, aligeuza swali zima. Alisema tusiulize kwa nini watu wanavunja sheria, tuulize kwa nini wengi hawavunji. Jibu lake ni kamba nne: mapenzi kwa watu ambao hutaki kuwaudhi, rasilimali uliyoiwekeza katika maisha ya halali, muda unaojaa shughuli, na imani kwamba sheria ni haki. Kamba zikilegea, tendo linawezekana. Wahenga walishasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, kwa hiyo nadharia hii haikumgutusha mtu yeyote wa Makunduchi au Wete. Tunaipenda kwa sababu inatusifu: sisi ndio watu wa kamba nyingi, wa kujuana, wa kuzikana, wa mtoto wa mwenzio ni wako.

Lakini kuna kundi la makosa ambalo Hirschi hawezi kulieleza, nalo ndilo linaloumiza zaidi Visiwani. Udhalilishaji wa kijinsia wa watoto kwa sehemu kubwa hufanywa na mtu anayejulikana: jamaa, jirani, mwalimu, rafiki wa nyumba. Anahudhuria maziko, anakwenda msikitini, ana mke na kazi. Kamba zake zote nne zimekaza. Na zikikaza zaidi, ndivyo anavyokuwa salama, kwa sababu ya muhali, yaani ile haya ya kumwudhi au kumwaibisha mtu mnayejuana. Kumpeleka mjomba polisi ni muhali. Kusimama kizimbani mbele ya wakwe ni muhali. Wazee wanakaa, yanamalizwa nyumbani, na mtoto anaambiwa asahau.

Matokeo ya muhali yana utaratibu ambao kila anayefuatilia kesi hizi ataufahamu. Kwanza mtoto anaogeshwa na nguo zinafuliwa, kwa huruma tu, na ushahidi unakwenda na maji. Kisha siku zinapita katika vikao vya familia, ilhali mambo ya hospitali yana saa zake: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, vidonge vya kuzuia mimba havizidi saa 120, na alama za mwilini hufifia upesi. Mwisho, hata kesi ikifika mahakamani, shahidi hatokei. Vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyowakutanisha daktari, polisi na mshauri mahali pamoja kama pale Mnazi Mmoja, vilibuniwa kufupisha njia hiyo. Haviwezi kufupisha vikao vya nyumbani. Mwenye kutaka kusaidia afanye matatu kabla ya kikao chochote: mtoto asiogeshwe, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi (wa plastiki huozesha ushahidi kwa unyevu), na aondoke naye kwenda kituoni siku hiyo hiyo.

Robert Sampson na wenzake walifanya utafiti Chicago uliochapishwa mwaka 1997, wakawahoji wakaazi 8,782 katika maeneo 343. Waligundua kwamba vurugu hupungua pale ambapo majirani wanaaminiana na pia wako tayari kuingilia kati jambo baya likitokea. Mambo hayo mawili waliyapima pamoja, na mimi naona Visiwani yanahitaji kutenganishwa. Kuaminiana tunako. Utayari wa kuingilia tunao pia, lakini kwa mgeni: mwizi wa kuku akipigiwa kelele, mtaa mzima unatoka na magongo, tena kwa ukatili usio na hesabu. Dhidi ya mtu wetu utayari huo hutoweka. Ndiyo sababu nasema hukumu zote mbili za barazani zinakosea mahali pamoja. Zinamtafuta mhalifu nje ya ukoo, na sehemu kubwa ya uhalifu wetu inaishi ndani ya ukoo kwa ulinzi wa ukoo.

Hapa sosholojia inafika ukingoni mwake. Inaweza kueleza kwa nini mtaa mmoja una wizi mwingi kuliko mwingine. Vijana kumi wa maskani moja, skuli moja, njaa moja, ikiwa wawili wataiba, haisemi kwa nini ni hao wawili, wala kwa nini jana usiku na si juzi. Udhanaishi, falsafa ya mtu na uamuzi wake, huanzia hapo.

Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa wa Kifaransa, katika kitabu chake kikubwa cha 1943, alisema binadamu hana asili iliyokamilika inayomsukuma. Anajifanya kwa anayoyachagua, na hata kutochagua ni kuchagua. Kwa kuwa uzito huo unatisha, tunajidanganya: tunajifanya vitu, tukisema "mimi ndivyo nilivyo" au "hali ndiyo iliyonisukuma". Kwa msomaji Mwislamu jambo hili huzua shaka, maana Sartre alikanusha kuwepo kwa Mungu. Lakini aliyetangulia njia hii, Søren Kierkegaard, alikuwa muumini, na mwaka 1843 aliijenga hoja yake juu ya Nabii Ibrahim akipanda mlima kumchinja mwanawe, peke yake na uamuzi wake. Si lazima mtu akane dini ili auone mzigo wa hiari.

Na kwa kweli suala hili chuoni, kwenye masomo ya dini, linajulikana vizuri. Mtu akikamatwa husema "ni qadari ya Mungu" au "shetani alinipitia". Akida (mafundisho ya imani) ya Ash'ari, inayofundishwa kwa Mashafii ambao ndio wengi Zanzibar, husema Mwenyezi Mungu ndiye anayeliumba tendo, na mja ndiye anayelichuma, kwa hiyo atahesabiwa kwalo. Hiyo ndiyo kasb. Kisa husimuliwa cha mwizi aliyeletwa mbele ya khalifa Omar akajitetea kwamba ameiba kwa qadari ya Mungu, naye akajibiwa kwamba atakatwa mkono kwa qadari hiyo hiyo. Kwa hiyo anayejificha nyuma ya qadari haegemei elimu ya dini. Anafanya kile Sartre alichokiita kujidanganya, ila kwa msamiati wa msikitini.

Gresham Sykes na David Matza waliziorodhesha kauli za namna hii mwaka 1957, na orodha yao inasikika kila siku kwenye maskani. Kukana jukumu: "njaa haina adabu". Kukana madhara: "hoteli ina bima". Kumkana aliyedhuriwa: "mwenyewe kaacha mkoba mchangani, alitaka". Kuwageuzia wanaolaumu: "wezi wakubwa wako maofisini". Na utii kwa walio karibu: "sikuweza kumwacha mwenzangu peke yake". Jambo ambalo wengi hawalioni ni wakati wake. Tunadhani ni visingizio vya baadaye. Sykes na Matza walidai kwamba husemwa kabla, na ndizo zinazofungua mlango. Mtu hahitaji kuikataa dini au sheria. Anahitaji ruhusa ya dakika kumi. Kwa hiyo mwalimu au ustadhi anayesikia "hoteli ina bima" ikisemwa kwa mzaha amesikia jambo la kufaa kujibiwa pale pale, kwa hesabu: mfanyakazi wa zamu ndiye anayehojiwa kwanza, na huenda akakatwa mshahara au kufukuzwa, naye ni dada wa mtu wa mtaa huo huo.

Magendo ya karafuu kutoka Pemba kwenda Mombasa ndiyo mfano unaoitikisa hoja yangu, kwa hiyo siwezi kuuruka. Serikali ilipojishikia peke yake ununuzi wa karafuu na kumlipa mkulima sehemu ndogo ya bei ya dunia, watu walivusha mali usiku kwa majahazi na mashua. Sheria iliita uhalifu. Kijijini aliyevusha hakukosa mchumba wala safu ya mbele msikitini. Alisema: mti nimeupanda mimi, nimwibie nani? Je, hiyo ni kujidanganya au ni hukumu ya haki? Nadhani kipimo ni kama kauli ingesimama mbele ya aliyedhuriwa. Mkulima angeweza kuisema mchana mbele ya waziri, ingawa angefungwa. Anayempora mtalii hawezi kuisema ya kwake mbele ya mtalii.

Albert Camus katika riwaya yake ya 1942 alimchora mtu anayemuua Mwarabu ufukweni Algiers, na akiulizwa sababu anataja jua. Mahakama inamhukumu zaidi kwa kutolia kwenye maziko ya mama yake kuliko kwa kuua. Kwetu asiyehudhuria maziko na hitima huanza kushukiwa mengi, na baraza humkumbusha hilo siku yoyote kuku akipotea. Ila kuna jambo wasomaji wa Ulaya walilipita haraka ambalo Mzanzibari halipiti: Mwarabu aliyeuawa hapewi jina kurasa zote. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa akili Blida, Algeria, kuanzia 1953 hadi 1956, aliandika juu ya hali hiyo hiyo kwa upande wa wasio na majina. Madaktari wa Kifaransa walifundisha kwamba Mwalgeria ni mhalifu kwa maumbile. Fanon alijibu kwamba watu waliofungiwa na ukoloni, wasioweza kumfikia mwenye nguvu, humalizia hasira kwa jirani aliye karibu, kwa kilo ya unga wa kupikia au deni la dukani.

Kubandikwa jina ni mkato mwingine, nao hutengenezwa na sisi. Sartre, katika kitabu chake cha 1952 juu ya mwandishi Jean Genet, anaeleza mtoto wa kulelewa anayeitwa mwizi na kuamua kuwa kile walichomwita. Howard Becker mwaka 1963 aliligeuza kuwa nadharia: upotovu si tabia ya tendo tu, ni jina ambalo watu wamefaulu kumpa mtu. Zanzibar ililitambua hili katika sheria: magereza yetu huitwa Vyuo vya Mafunzo. Bado mtu akitoka huko mtaa unasema katoka jela, na kwa kazi ya ulinzi, ya hoteli au ya dukani hilo ndilo linalosikika. Kamba za Hirschi zinahitaji mtu wa upande wa pili wa kuzishika.

Kwenye nyumba za kuwasaidia waliokuwa wakitumia unga, hoja hizi zote hukutana chumba kimoja. Hufuatwa mpango wa hatua 12, na hatua ya kwanza inamtaka mtu akiri kwamba hana nguvu mbele ya dawa. Mdhanaishi angeruka: huyu anakana hiari yake! Lakini hatua ya nne inamtaka ajihesabu mwenyewe bila kuficha, ya nane aandike aliowadhuru, ya tisa awafuate kulipa pale ambapo kulipa hakutawadhuru zaidi. Sijui mpango mwingine unaodai uwajibikaji kwa undani huo. Anakana nguvu juu ya kete ya kwanza tu, ili ashike nguvu juu ya mengine yote. Methadoni inayotolewa Kidongo Chekundu hufanya kazi upande wa mwili: huanzishwa kwa dozi ndogo, miligramu 20 hivi na isizidi 30, hupandishwa taratibu, na wengi hutulia kati ya 60 na 120 kwa siku, wakiinywa mbele ya mhudumu. Ikibaki chini mno, arosto hurudi usiku na mtu hurudi kununua. Ndugu husema dawa haifanyi kazi, kumbe dozi haijafika. Tatizo jingine ni njia. Mtu wa Nungwi ambaye kliniki yake iko mjini atapanda daladala kila siku kwenda na kurudi, na mwajiri anayetaka watu saa moja asubuhi hatamvumilia. Anaponywa mkato mmoja kwa kuongezewa mwingine.

Kwa kamati ya shehia inayotaka kujua inashughulika na nini, daftari moja linatosha kuanzia. Kila tukio liandikwe siku na saa, mahali hasa (upande gani wa nyumba, dirisha au mlango), kitu kilichochukuliwa, kama mlango ulikuwa wazi, nani aliyekuwepo, na kitu kilionekana wapi baadaye. Jina la mshukiwa lisiandikwe kabisa. Daftari husomwa na watu, na siku ya pili kuna mtoto kapigwa. Baada ya miezi mitatu anza na safu ya saa. Lawrence Cohen na Marcus Felson walionyesha mwaka 1979 kwamba wizi unahitaji vitu vitatu kukutana: mwenye nia, kitu kinachofaa kuibwa, na kutokuwepo mlinzi. Kama matukio yamerundikana wakati wa sala ya Ijumaa au saa za tarawehe, huna haja ya nadharia ya ukengeushi. Unahitaji watu wawili wa kubaki mtaani kwa zamu.

Halafu gawanya kwa idadi ya nyumba. Mathalan, matukio 12 katika nyumba 60 ni mazito kuliko 20 katika nyumba 400, ingawa mtaa wa pili ndio utakaosemwa. Usihitimishe juu ya watu kutokana na mahali: W. S. Robinson alionya dhidi ya kosa hilo tangu 1950. Mtaa wenye wahamiaji wengi na wizi mwingi haumaanishi wahamiaji ndio wanaoiba. Huenda ndio wanaoibiwa, kwa kuwa hawana jamaa wa kuwaangalizia nyumba. Na ripoti za udhalilishaji zikipanda ghafla, uliza kwanza kama kuna jambo lililowafanya watu waache muhali. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa takwimu za udhalilishaji kila mwezi, na kila mwezi kuna anayesoma ongezeko la ripoti kama ongezeko la maovu.

Safu ya mwisho, ile ya kitu kilionekana wapi, aghalabu ndiyo inayobaki tupu, kwa sababu mnunuzi wa simu na vyuma chakavu ni mtu wa mtaa, ana duka, anachangia msikiti, na kumtaja ni muhali. Ijazeni hiyo kwanza.